Wasomaji Wauliza: Viroboto na Kupe wa Mbwa

Barua nyingi tulizopokea safari hii zina lalamiko moja: mbwa anaogeshwa, dawa anapakwa, wiki mbili hazijaisha wadudu wako palepale. Ukichunguza utakuta kosa ni moja kati ya mawili. Ama dawa iliyotumika si ya mdudu huyo, ama imeishia mwilini mwa mbwa ilhali wadudu wengi wako pale anapolala.

SWALI: Wataalamu, salaam. Mbwa wangu namwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya viroboto. Siku hiyo anakuwa safi kabisa, lakini kufika katikati ya wiki anajikuna tena, hadi manyoya ya mgongoni karibu na mkia yamekwisha. Je, nimeuziwa sabuni feki?

JIBU: Huenda sabuni yako haina kasoro. Sabuni ya aina hiyo inaua kiroboto aliyepo mwilini wakati povu limemfunika. Ukishasuuza, dawa imekwenda na maji. Atakayeruka jioni ile ile kutoka kwenye mkeka hana cha kumzuia.

Na huko kwenye mkeka ndiko waliko wengi. Viroboto wakubwa unaowaona mwilini ni kama asilimia 5 tu ya wote walio nyumbani. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa, yaani walio ndani ya kifuko kabla ya kuwa wakubwa. Jike akishakunywa damu huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na anaweza kufikisha mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayanati kwenye manyoya. Mbwa akijikung'uta yanamwagika kwenye zulia, chini ya kochi na kwenye nyufa za sakafu. Mabuu wanaototolewa hukimbia mwanga na kula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kwa kweli ni damu iliyokauka. Kisha hujifungia kwenye kifuko kinachonasa vumbi na nyuzi. Humo ndani dawa ya kupulizia haipenyi, na kiroboto anaweza kukaa miezi kadhaa akisubiri. Akihisi joto, mtikisiko wa hatua au pumzi ya kiumbe, anachomoka. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu huwavamia wenyewe siku wanayorudi, hata kama mbwa hakuwepo.

Kwanza hakikisha kweli ni viroboto. Chukua chanuo lenye meno yaliyokaribiana sana, chana kuanzia kiunoni hadi kwenye shina la mkia, kisha kung'uta uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Chembe nyeusi zikiacha doa jekundu la hudhurungi, hicho ni kinyesi cha viroboto. Zikibaki nyeusi vilevile, ni vumbi.

Ukishathibitisha, kazi ifanyike yote kwa pamoja. Wape dawa inayodumu wanyama wote wa nyumbani wanaoshambuliwa na viroboto, si yule anayejikuna pekee, na kila mmoja apewe inayofaa aina yake na uzito wake. Siku hiyo hiyo fua matandiko ya mbwa kwa maji ya nyuzijoto 60 au zaidi. Pitisha kifyonza vumbi chini ya samani na pembezoni mwa kuta, kisha mfuko wa vumbi utupwe nje mara moja. Kama huna kifyonza vumbi, toa mazulia nje uyakung'ute, na sakafu uipige deki hadi kwenye nyufa. Baada ya hapo ndipo upulizie dawa ya nyumba. Chagua ambayo, pamoja na kuua wakubwa, ina kizuia ukuaji kama vile pairiproksifeni au methopreni, kwa sababu hiyo ndiyo inayozuia mayai na mabuu wasifike utu uzima. Watu na wanyama watoke hadi ikauke. Bakuli la samaki lifunikwe na pampu yake izimwe.

Halafu vumilia. Walioko kwenye vifuko wataendelea kuchomoka kwa wiki kadhaa, na utawaona. Hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa. Endelea kusafisha kila baada ya siku mbili tatu, maana mtikisiko unawatoa mapema wakutane na dawa, na usikatishe dozi za mbwa kabla ya miezi 3.

Kuhusu manyoya yaliyokwisha juu ya mkia: hiyo ni sura ya kawaida ya mzio wa mate ya kiroboto. Mbwa mwenye mzio huumwa mara chache tu akawashwa siku nyingi, kwa hiyo kutowaona viroboto hakumaanishi hawapo. Ngozi ikianza kutoa majimaji au harufu, imeshaingia bakteria; hapo anahitaji tiba ya daktari wa mifugo. Angalia pia kinyesi chake na chini ya mkia. Ukiona vipande mfano wa punje za mchele, ni minyoo tegu ambao mbwa huwapata kwa kumeza kiroboto anapojitafuna. Dawa yake ni prazikwanteli, lakini bila kumaliza viroboto minyoo watarudi.

SWALI: Nina dawa ya josho ya amitrazi 12.5%. Jirani aliniambia niweke vizibo viwili kwenye ndoo. Nimeogesha mara tatu: kupe wamepungua, viroboto wako vilevile. Niongeze hadi vizibo vinne?

JIBU: Usiongeze hata kimoja. Amitrazi ni dawa ya kupe na utitiri. Kwa viroboto haifai kitu, hata ukiimimina nusu chupa. Utakachozidisha ni sumu kwa mbwa.

Kizibo nacho si kipimo, kwani cha chupa moja kinabeba mililita 5 na cha nyingine 20, na ndoo vilevile hazilingani. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Kiwango cha kawaida cha kupe kwa mbwa ni miligramu 250 za amitrazi katika kila lita ya maji. Zidisha asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa 10, upate miligramu zilizomo katika mililita moja, kisha gawa 250 kwa jibu hilo. Yako ya 12.5% ina miligramu 125 kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani 10 kwa lita 5. Ya 5% ingekuwa mililita 5 kwa lita. Lebo ya chupa yako ikitaja kiwango kingine cha mbwa, fuata lebo. Na kama haitaji mbwa kabisa, itafute inayomtaja, kwa sababu dawa za ng'ombe huweza kuwa na viyeyushi vinavyounguza ngozi ya mbwa.

Mwogeshe kwanza kwa sabuni ya kawaida ili uchafu na mafuta vitoke, mfute maji yasichuruzike. Vaa glavu, fanya kazi penye hewa. Mloweshe kwa sponji hadi ngozini, usisahau katikati ya vidole, makwapani na chini ya mkia. Kichwani paka kwa kitambaa kilichokamuliwa, mbali na macho na mdomo. Usimsuuze. Akauke kivulini, na asijilambe hadi akauke. Dawa iliyobaki ndani ya ndoo isitunzwe kwa wiki ijayo, kwa sababu ikishachanganywa na maji huharibika na inaweza kuwa na sumu zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Amitrazi isitumike kwa mbwa wa chini ya miezi 3, mwenye kisukari, mgonjwa au mwenye vidonda vingi, wala kwa mbwa wa aina ya Chihuahua. Paka asikaribishwe kabisa. Mbwa kusinzia kidogo siku hiyo ni kawaida. Akiyumba, akitapika, akipoa mwili au mapigo ya moyo yakipungua, mwoshe mara moja kwa maji na sabuni na umkimbize kwa daktari ukiwa na chupa mkononi. Ipo dawa ya kuibatilisha, lakini daktari lazima ajue umetumia nini.

SWALI: Naambiwa kupe apakwe mafuta ya taa au achomwe kwa sigara ili aachie mwenyewe. Ni kweli? Na kichwa kikibaki ndani?

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo. Kupe aliyekerwa anaweza kutapika mate yake kwenye jeraha, na vimelea vya magonjwa vimo kwenye mate hayo hayo. Mafuta ya taa yenyewe yanababua ngozi, na mbwa akiyalamba huumia zaidi.

Tafuta kibano chenye ncha nyembamba. Tenganisha manyoya, mshike kupe pale mdomo wake unapoingia kwenye ngozi, sio kwenye tumbo lililojaa, kisha vuta juu polepole kwa nguvu isiyobadilika. Usizungushe, usishtue. Ngozi itanyanyuka kidogo kabla hajaachia. Mtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha. Safisha jeraha, nawa mikono. Kinachobaki kwa kawaida ni vipande vya mdomo, si kichwa, na ngozi huvisukuma nje yenyewe baada ya siku chache. Kuchimba kwa sindano ndiko kunakoleta usaha.

Mkague ndani ya masikio, chini ya kola, katikati ya vidole na kinenani. Wakati wa kupe wengi fanya hivyo kila siku, kwani baadhi ya magonjwa huambukizwa ndani ya saa chache tangu kupe ajishike.

SWALI: Matone ya dawa ya viroboto ya mbwa yaliyobaki, naweza kumpaka paka kwa kipimo kidogo?

JIBU: Hapana. Matone mengi ya mbwa yana pemethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Tone dogo tu linaweza kumtia kifafa na kumuua. Ukimpaka mbwa, mtenge na paka hadi pakauke, hasa kama wanalala pamoja. Na kwa mbwa mwenyewe, weka matone kwenye ngozi, si juu ya manyoya: tenganisha manyoya katikati ya mabega, gusisha ncha ya kichupa kwenye ngozi, kamua. Asioge siku 2 kabla na siku 2 baada, kwani dawa kama fipronili husambaa kwa mafuta ya ngozi, na ngozi iliyotoka kusuguliwa kwa sabuni haina mafuta.

SWALI: Watoto wa mbwa wangu wana wiki tano, viroboto wamewajaa, na mmoja fizi zake zimekuwa nyeupe. Niwaogeshe kwa dawa gani?

JIBU: Huyo mwenye fizi nyeupe apelekwe kwa daktari leo, damu imemwishia. Mtoto wa mbwa hufa kwa viroboto pekee, tena haraka.

Waliobaki, kwa umri huo usiwape josho, matone wala kola bila kauli ya daktari. Waoshe mmoja mmoja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Anza kwa kuzungushia povu shingoni ili viroboto wasikimbilie machoni na masikioni, kisha shuka mwilini. Suuza, mkaushe kabisa kwa taulo na umpe joto, kwa sababu baridi nayo inaua. Baada ya hapo wachane kila siku, ukichovya chanuo kwenye maji ya sabuni. Vidonge vya nitenpairamu vinaruhusiwa kuanzia wiki 4 kwa mwenye uzito wa kilo 1 na zaidi. Huanza kuua viroboto ndani ya nusu saa, ila nguvu yake haivuki siku moja au mbili. Mama yao atibiwe kwa dawa inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha, na matandiko yabadilishwe kila siku.

SWALI: Kupe wanapanda ukutani kwenye banda, hadi darini. Wanatoka wapi, na mbwa wangu hatoki nje?

JIBU: Hao ni kupe wa kahawia wa mbwa, wanaoweza kumaliza maisha yao yote ndani ya banda au nyumba. Jike aliyeshiba hudondoka, hupanda na kujificha kwenye ufa, hutaga maelfu ya mayai, kisha hufa. Watoto wenye miguu sita humnywa mbwa, wanashuka, wanajivua ngozi, wanarudi na miguu minane. Na baada ya kushiba tena wanashuka kwa mara nyingine. Maana yake kila kupe amelala ukutani mara kadhaa, na mkubwa anaweza kukaa na njaa miezi mingi.

Mtoe mbwa. Ondoa matandiko, mbao zilizooza na takataka. Pulizia dawa ya kupe inayoruhusiwa kwa mabanda, nguvu zote uzielekeze kwenye nyufa, viungo vya mbao, nyuma ya fremu na kona za juu. Sakafu pekee haitoshi. Rudia baada ya wiki 2 au kama lebo inavyosema. Nyufa zikishakauka zizibe kwa saruji.

SWALI: Nilimpa kidonge cha miezi mitatu lakini bado namwona na kupe. Isitoshe, hali chakula vizuri siku mbili sasa. Kuna mtu anashauri sindano ya ivermektini ya ng'ombe.

JIBU: Vidonge hivyo vinaua kupe baada ya kuuma, kwa hiyo kuona mmoja mmoja aliyejishika ni kawaida, baada ya siku moja au mbili awe amekauka. Fluralaneri, mojawapo ya dawa za vidonge hivyo, hudumu wiki 12, ila kwa baadhi ya aina za kupe ni wiki 8, na ikitolewa kwenye tumbo tupu hufyonzwa kidogo. Mbwa aliyewahi kupata kifafa asipewe dawa za kundi hilo bila daktari kujua.

Ivermektini ya ng'ombe achana nayo. Kwa viroboto na kupe wa mbwa ni dhaifu, na mbwa wa jamii ya Collie wenye hitilafu fulani ya kurithi inawaua.

Kinachotusumbua ni huko kutokula. Mpime joto njia ya haja kubwa: kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Tazama fizi, na mkojo pia. Joto likizidi 39.5, fizi zikipauka au kuwa za manjano, mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito, au damu ikitoka puani, inawezekana ni babesia au erlikia, magonjwa mawili ya kupe yenye tiba tofauti. Kipimo cha damu ndicho kinachoyatenganisha. Usianze antibaiotiki za kubahatisha kabla ya damu kuchukuliwa, na mwambie daktari tarehe uliyompa kidonge.