Re: Mkono wa mzee unatetemeka, ni Parkinson?

Pole sana ndugu. Mkono wa baba kutetemeka si lazima iwe Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, cha kwanza angalia unatetemeka wakati gani. Akae mikono iko mapajani, mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka 100, kama kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama anaviringisha punje ya mtama, tena upande mmoja tu, hapo Parkinson inashukiwa. Lakini kama umetulia halafu chai inamwagika akiinua kikombe, mikono yote miwili, na hata babu alikuwa hivyo, mara nyingi ni ule mtetemeko wa kwenye ukoo. Aandike pia sentensi ndefu, herufi zikizidi kuwa ndogo mwambie daktari.

Mama yangu walimpa dawa za Parkinson miezi mingi kumbe ni thairodi, ile tezi ya shingoni, iliniuma sana! Kwa hiyo ombeni kipimo cha damu cha thairodi, na mbebe dawa zote anazokunywa, maana hata za pumu zinatetemesha. Parkinson yenyewe damu haiionyeshi, daktari wa neva anamchunguza mwenyewe, anamtembeza, anamkunja mkono asikie ugumu. Ukiweza kutoka Jinja mpeleke hospitali ya Mulago, Kampala, na mrekodi video kwa simu kabla hamjaondoka.