Kuhusu noti ya Makaburu uliyouliza

Ndugu, umeuliza kama ununue noti ya pauni 5 ya Zuid-Afrikaansche Republiek, jamhuri ya Makaburu huko Afrika Kusini, iliyotolewa Pretoria, mji wake mkuu, tarehe 28 Mei 1900, iliyokunjwa katikati na kuchanika ukingoni kidogo. Mimi ningeinunua, mradi bei ipunguzwe kwa hilo chaniko.

Tarehe hiyo ina uzito. Siku nane baadaye, 5 Juni, Waingereza, waliokuwa vitani na Makaburu, waliingia Pretoria. Serikali ya Makaburu ilikuwa imekwisha kuhama, na uchapaji ukahama pia: noti za 1901 zilitoka mji wa Pietersburg, na za 1902 zina maneno "Te Velde", yaani porini, vitani. Hizo za porini ndizo zinazonigusa kuliko zote. Ni serikali inayokufa huku bado inaahidi kulipa. Lakini usianze nazo, ni ghali. Anza na za Pretoria za thamani ndogo.

Mkataba wa Vereeniging wa 31 Mei 1902, uliomaliza vita hivyo, uliruhusu noti zilizotolewa kihalali zipelekwe kwenye tume kama ushahidi wa hasara za vita. Kwa hiyo, ukiona mhuri au mwandiko nyuma, usiufute! Huenda ndio historia yenyewe.

Kabla ya kulipa, omba picha za pande zote mbili, na nyingine noti ikiwa mbele ya mwanga. Hapo viraka hujionyesha. Ukishaipata, tafadhali usiioshe, usiipige pasi, usiibandike selotepu wala kuivika plastiki ya moto. Itie kwenye mfuko wa poliesta (plastiki angavu), mahali pakavu, mbali na jua.