Kufuta oda za zamani bila kung'oa jedwali

Ndugu, unataka kuondoa oda za kabla ya 2020, jedwali lenyewe libaki, na hifadhidata inakugomea kwa sababu ya ufunguo wa kigeni (foreign key), yaani kiungo kinachofunga rekodi za jedwali jingine kwenye oda hizo. Amri yako ya SQL, lugha ya hifadhidata, ni DELETE. DROP TABLE ingeng'oa jedwali zima pamoja na muundo wake, na TRUNCATE ingekomba rekodi zote bila kuchagua, kwani haipokei WHERE, sehemu inayotaja ni rekodi zipi zinazoguswa.

Anza na SELECT COUNT(*), inayohesabu rekodi, yenye sharti lile lile la WHERE, uone kama idadi inaingia akilini. Kisha fungua muamala (transaction), yaani kazi ambayo haijawa ya kudumu hadi uithibitishe: BEGIN, DELETE, kagua, halafu COMMIT ya kuthibitisha. Ukiona mambo si mambo, ROLLBACK inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Njia hiyo usiitegemee kwa TRUNCATE kwenye MySQL au Oracle; huko ikishapita imepita. PostgreSQL inakuruhusu kurudi nyuma.

Kuhusu kule kugomewa: futa kwanza rekodi za jedwali linaloirejelea oda, yaani bidhaa zilizoagizwa, ndipo ufute oda zenyewe. ON DELETE CASCADE, mpangilio wa ufunguo wa kigeni unaofuta rekodi zinazorejelea zenyewe, ingekufanyia hivyo, ila mimi siipendi sana: hufagia kimyakimya hata rekodi za majedwali uliyoyasahau. Na nakala rudufu, ichukue kabla hujagusa chochote.