Kununua pointi za hoteli: jibu kwa mwenzetu wa Lindi anayekwenda Guangzhou

Mkuu uliyeuliza kutoka Lindi mjini: unakwenda Guangzhou, Uchina, Aprili kwenye maonyesho ya biashara ya Canton Fair, umeona kundi la hoteli la Hilton wanatangaza kwamba ukinunua pointi zao za uanachama, zile unazolipia chumba badala ya fedha, unaongezewa nyingine idadi ileile, na unataka kujua kama ni utapeli. Si utapeli. Akiba ipo, ila ipo kwa siku fulani na hoteli fulani tu, na asiyepiga hesabu analipa zaidi ya yule aliyelipa taslimu.

Mimi niko Mtwara, nina kikundi kidogo cha kubangua na kufungasha korosho. Tangu 2022 nimenunua pointi mara tano. Mara nne zimenilipa, mara moja nimeumia, na nitakueleza zote mbili.

Aprili 2024 nilikwenda hukohuko unakokwenda, kutafuta mashine ya vakyumu ya kufungashia. Maonyesho yale yapo mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili 15 na kuanzia Oktoba 15. Oktoba kwa mtu wa korosho haiwezekani, minada inaanza na huwezi kuacha mzigo ghalani ukapanda ndege. Kwa hiyo sote wa huku tunabanana Aprili pamoja na dunia nzima, na hoteli za Guangzhou zinajua. Chumba kilichokuwa na bei ya kawaida mwezi mmoja nyuma kinapanda mpaka unajiuliza kama umesoma vibaya.

Hapo ndipo pointi zinapofanya kazi. Bei ya taslimu ikiruka, bei ya pointi nayo hupanda, lakini mara nyingi haipandi kwa kasi hiyo. Hoteli niliyoitaka ilikuwa dola 150 kwa usiku. Ukijumlisha ada ya huduma asilimia 10 na kodi asilimia 6, inafika karibu 175. Kwa pointi ilikuwa 25,000 kwa usiku, na usiku wa pointi hauongezewi ile kodi ya chumba. Hilton huuza pointi 1,000 kwa dola 10. Kukiwa na bonasi ya asilimia 100 unalipia 50,000 unapata 100,000, maana yake kila pointi imekugharimu nusu senti. Nilihitaji siku nne, pointi 100,000, nikatoa dola 500. Taslimu ningelipa 700. Dola 200 kwa bei ya wakati ule ni zaidi ya laki tano za kwetu, na ile pesa ndiyo iliyonisaidia kusafirisha vipuri.

Sasa angalia upande wa pili. Hoteli ileile niliiangalia kwa mwezi Juni, maonyesho yamekwisha: taslimu dola 85 pamoja na kodi, pointi 22,000. Hizo pointi kuzinunua ni dola 110. Chumba kilekile, kitanda kilekile, na mwenye pointi amepigwa dola 25 kila usiku. Ndiyo maana ninakusihi usinunue kwa sababu ya tangazo. Chukua bei ya taslimu yenye kodi zote, igawe kwa idadi ya pointi wanazotaka, upate thamani ya pointi moja kwa usiku ule. Ikizidi bei unayonunulia, nunua. Ikikaribiana, achana nayo, kwa sababu benki bado haijachukua chake.

Na benki inachukua. Pointi unanunua kwa dola, kadi yako ina shilingi, na benki inabadilisha kwa bei yake, si ile ya Benki Kuu unayoiona kwenye taarifa, kisha inaweza kuongeza ada ya muamala wa nje. Kabla ya kununua nenda tawini uulize mambo mawili: ni shilingi ngapi watakukata kwa dola moja siku hiyo, na kama kadi yako imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi. Mara ya kwanza kadi yangu ilikataliwa saa tano usiku, bonasi ikiisha saa sita. Sikulala vizuri siku ile. Na ukiona ukurasa wa malipo au taarifa ya benki imeandikwa Points usishtuke, ni kampuni inayouza pointi kwa niaba ya makundi mengi ya hoteli.

Nilipoumia ni hivi. Mwaka 2022, kwa kundi moja la hoteli ambalo sitalitaja, nilinunua pointi 80,000 nikiwa sina safari. Bonasi ilikuwa kubwa, nikasema nitaziweka, msimu ukiisha nimpeleke mama watoto Dubai siku nne. Malipo ya korosho yakachelewa, safari ikasogea, ikasogea tena. Tulipofikia kubuku, hoteli iliyokuwa pointi 20,000 kwa usiku ilikuwa 32,000. Hakuna aliyeniarifu, na masharti yanawaruhusu. Siku nne zikawa mbili, zilizobaki tukalipa taslimu. Dola 400 niliyoilaza pale ingetosha kununua salfa, dawa ya mikorosho, na kuwalipa wapulizaji mwaka ule. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mwenzangu. Pointi zikishanunuliwa hazirudishwi fedha, na thamani yake iko mikononi mwa aliyekuuzia. Tangu hapo sinunui pointi ambayo haina usiku wake tayari.

Na zina uhai wake. Hilton zinakufa baada ya miezi 24 bila shughuli kwenye akaunti. IHG, wale wa Holiday Inn, kwa mwanachama wa kawaida ni miezi 12. Kumbuka na hili: akaunti mpya kabisa inaweza kuwekewa muda wa kungoja kabla ya kuruhusiwa kununua, kwa hiyo fungua yako leo, ni bure, hata kama hujaamua. Jina liwe kama la pasipoti, herufi kwa herufi.

Utaratibu ninaoutumia mimi: kwanza natafuta chumba kwa tarehe zangu na kuhakikisha kinapatikana kwa pointi, maana hoteli inaweza kuwa na vyumba vya taslimu na isiwe na cha pointi hata kimoja. Kisha nabuku kwa taslimu kile kinachoweza kughairiwa bure, ili nisibaki barabarani. Ndipo nanunua pointi. Mara nyingi zinaingia papo hapo, ila zikichelewa siku moja au mbili, chumba cha taslimu kinanilinda. Zikiingia nabuku kwa pointi, naghairi kile cha kwanza. Soma tarehe ya mwisho ya kughairi kwa makini, tena kwa saa za Uchina, wametutangulia saa tano.

Angalia pia kiwango cha chini cha kununua. Mara nyingi bonasi haianzi pointi ya kwanza, na ukinunua kidogo chini ya kiwango hupati kitu. Marriott, kundi jingine la hoteli, huuza 1,000 kwa dola 12.50, ni ghali zaidi, lakini wana jambo zuri kwa mwanachama yeyote: ukibuku siku tano mfululizo kwa pointi, unalipia nne. Kwa safari ya maonyesho hilo linaweza kugeuza hesabu yote. Za kundi la Hyatt ni dola 24 kwa 1,000, na watu wanazikimbia kwa bei hiyo, wakati hoteli zao huhitaji pointi chache zaidi. Usilinganishe bei ya pointi kwa pointi, linganisha usiku kwa usiku.

Ushauri mwingi utakaousoma mtandaoni umeandikwa na Wamarekani, ambao wanapewa pointi na kadi zao za mkopo. Sisi kadi hizo hatuna. Kwetu njia ni kulala au kununua, kwa hiyo wakisema hoteli fulani ni ya bure, kwako sio bure, umeilipia.

Dubai, hata ukilala kwa pointi, kuna ada ya utalii unalipa mapokezi, kati ya dirhamu 7 na 20 kwa chumba kila usiku kulingana na daraja. Guangzhou wataomba amana unapoingia, uwe nayo. Kifungua kinywa usidhani kimo.

Kwa hapa nyumbani sioni faida kubwa. Huku Mtwara, kuanzia Shangani hadi Mikindani, hakuna hoteli ya makundi hayo, na Lindi unaijua mwenyewe. Dar zipo, Hyatt Regency na Four Points (hilo ni jina la hoteli, ya kundi la Marriott), lakini mtu wa biashara anayeshuka kwenye basi akitaka kulala karibu na Kariakoo, pointi hazishindani na lodji ya shilingi elfu hamsini. Tena tangu kanuni za Machi 2025 hoteli za ndani zinatoza kwa shilingi, wakati pointi utazinunua kwa dola.

Na tafadhali, anayekuuzia pointi kwa bei poa kwenye kundi la WhatsApp mkatae. Masharti yanakataza, akaunti inafungwa, na unakuwa umefika mapokezi Guangzhou usiku huna chumba. Nunua ndani ya akaunti yako tu.

Weka hapa jina la hoteli, tarehe, bei ya taslimu yenye kodi na idadi ya pointi. Nitakupigia hesabu leo jioni nikitoka ghalani, kabla bonasi haijafungwa.