Moto wa M*A*S*H ulikuwa wa kweli

Umeuliza kama ule moto kwenye sehemu ya mwisho ya M*A*S*H, ile tamthilia ya Marekani kuhusu hospitali ya jeshi katika Vita vya Korea, ulipangwa na waandishi. Hapana ndugu yangu, ulikuwa moto wa kweli kabisa. Oktoba 1982 moto wa nyika ulipita Malibu Creek, California, walikorekodia matukio ya nje, ukateketeza sehemu kubwa ya kambi yao. Badala ya kuijenga upya, waliuingiza moto huo kwenye hadithi: kambi inazingirwa, hospitali inalazimika kuhama. Kwa hiyo yale majivu unayoyaona si ya kuigiza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sehemu hiyo ya kuaga, iliyoongozwa na Alan Alda mwenyewe, aliyeigiza daktari Hawkeye, siyo waliyoirekodi mwisho. Iliyorekodiwa mwisho kabisa ni "As Time Goes By", ile ambayo wahusika wanafukia sanduku la kumbukumbu ardhini. Na waigizaji nao walifukia la kwao, la kweli, kwenye eneo la studio ya 20th Century Fox. Hebu itazame tena ukijua hilo, uone macho yao.

Sehemu ya kuaga ilirushwa na kituo cha televisheni cha CBS tarehe 28 Februari 1983, ikachukua muda wa saa mbili na nusu nzima, na Wamarekani karibu milioni 106 waliitazama. Vita vya Korea vyenyewe vilidumu miaka mitatu, tamthilia ikaenda misimu 11! Mimi kinachonikaba koo mpaka leo ni yale mawe ambayo B.J., daktari rafiki wa Hawkeye, aliyapanga chini kuandika "GOODBYE" (kwaheri), Hawkeye akiyaona kutoka juu, helikopta ikipaa.