Kabla ya kununua kinu cha upepo, pima upepo wa kwako

Ukiwa Karen, Nairobi, jioni ukaitazama milima ya Ngong, vile vinu vyeupe vinashawishi. Mtu aliyetoka kununua tokeni za umeme anajiuliza kwa nini asiwe na chake kidogo juu ya paa. Majirani huniuliza sana kuhusu vinu na ruzuku ya kuvinunulia, kwa kuwa nimefunga sola na napenda kuchokora mambo haya. Huwaambia wapime upepo kwanza, habari ya ruzuku ije baadaye.

Vinu vya Ngong viko kwenye mgongo wa mlima, upepo unapokaza. Ploti yako ya Kasarani imezungukwa na ghorofa, miti na matangi ya maji. Na hesabu ya upepo haina huruma: kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Kinu ambacho duara la mapanga yake lina upana wa mita 2 kinaweza kukupa kama wati 800 upepo ukiwa mita 12 kwa sekunde, kasi ambayo wauzaji hupenda kuinukuu. Ukishuka hadi mita 4, unapata kama wati 30. Hizo ni balbu tatu! Tena hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo hesabu ya kiwandani lazima ipunguzwe.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Funga vipande vya utepe mwepesi kwenye bomba refu, kimoja kila mita, ulisimamishe juu ya paa. Kwangu, tepe za karibu na mabati zilijisokota zikajifunga kwenye bomba, moja ikivuta kwa jirani, nyingine barabarani. Ya juu kabisa ndiyo pekee iliyonyooka. Kinu kinataka upepo wa namna hiyo ya juu, ndiyo maana mafundi hushauri kiinuliwe mita 9 hivi kupita chochote kilicho karibu. Kwa Nairobi hiyo ina maana ya mlingoti mrefu, na kuna viwanja vya ndege vya Wilson na JKIA: ulizia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuchimba msingi. Kukifunga kwenye ukuta wa nyumba ya kupangisha usijaribu. Mtetemo wake utakugombanisha na wapangaji wote.

Shamba ni habari nyingine. Shemeji yangu anafuga Kajiado, uwanda mtupu, upepo unavuma mchana kutwa. Nilimwambia aanze na maji. Pampu za upepo si ngeni kwetu. Zile za chapa ya Kijito zilitengenezwa Thika. Pampu haihitaji betri wala inveta: upepo ukivuma inajaza tangi, ukitulia ng'ombe wanakunywa ya jana.

Sasa ruzuku. Wengi husikia mamilioni ya wafadhili wakadhani kuna fomu ya mwenye nyumba. Kwa kawaida fedha hizo hupewa kampuni, nawe unazionja kupitia bei iliyopunguzwa. Mradi wa sola wa KOSAP, kwa mfano, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14 zilizo mbali na gridi, kama Turkana na Marsabit. Nairobi haimo. Mimi nilishapigiwa simu na mtu akitaka "ada ya usajili" kwa M-Pesa ili jina langu liingie kwenye orodha ya ruzuku. Nilikata. Anayetaka kukupa pesa haanzi kwa kukuomba. Kwa mtu wa kawaida, mkopo wa sacco ndiyo njia iliyo wazi zaidi, na hapa mjini ningeuelekeza kwenye paneli, kwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati.

Ikiwa bado unataka kinu, na vipimo vya miezi kadhaa vimekuunga mkono, nunua mlingoti unaoweza kulazwa chini. Beringi zitataka kukaguliwa, na fundi wa kupanda mita 15 na spana mkononi hapatikani kwa urahisi.