Kabla ya Kutembea, Jifunze Kuuamini Mguu

Kiharusi kilinipata nikiwa na miaka 34, asubuhi, navaa kwenda kazini. Upande wa kushoto ukaisha nguvu na mdomo ukapinda. Jirani mmoja akasema ni upepo mbaya. Hospitali walipopima presha wakakuta iko juu sana, na mimi sikuwahi kuipima hata siku moja. Nawaandikia vijana wenzangu mliorudi nyumbani na mguu usiotii, kwa sababu kuna kosa nililifanya na sitaki mlirudie.

Nilikuwa na haraka. Baada ya wiki tatu nilikuwa najiburuza kutoka chumbani hadi barazani, na shangazi zangu wakapiga vigelegele. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipokuja akanitazama nikienda na kurudi, kisha akasema, "Dada, unatembea kwa mguu mmoja. Huo mwingine umeubeba tu." Ilikuwa kweli. Uzito wote niliuweka kulia, na kushoto nikawa naurusha mguu kwa kuuzungusha kutoka nyonga, goti limekakamaa. Mwili ukishazoea mwendo wa namna hiyo, kuuachisha ni kazi kubwa kuliko kuanza upya.

Akanirudisha kwenye kiti. Siku iliyofuata alileta mizani mbili za kupimia uzito, akaniambia nisimame, kila mguu na mizani yake. Nina kilo 68. Kulia ilisoma 50, kushoto 18. Namba zile zilinifungua macho kuliko maelezo yoyote. Wiki nyingi zilizofuata kazi yangu ikawa moja: kuhamishia uzito kushoto. Nilikuwa nainuka kwenye kiti na kukaa tena bila kujivuta kwa mikono, nyayo zote mbili zimekanyaga sawasawa. Halafu nasimama mbele ya meza ya jikoni, kiti kiko nyuma yangu, naupandisha mguu mzima, ule wa kulia, juu ya kigoda. Hapo mguu mgonjwa hauna pa kukimbilia, lazima ubebe. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, na mtu yuko karibu. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia, na marudio yenyewe ni mamia, siyo yale machache ya siku ya kliniki.

Fimbo nilikuwa naishika mkono wa upande mgonjwa, nikidhani ndio unaohitaji msaada. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande mzima, na kishikio chake kifike usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mkono ukining'inia. Kwenye ngazi, unapopanda tanguliza mguu mzima. Unaposhuka tanguliza fimbo na mguu mgonjwa.

Ndala ziacheni kabisa. Ndala ilikuwa inachomoka mguuni nami sijui, nafika mlangoni niko peku upande mmoja. Vidole vikikwaruza chini kila hatua, muulize fizio kuhusu kile kifaa cha plastiki kinachoshikilia kifundo cha mguu ili wayo usidondoke. Hutengenezwa na mafundi wa viungo bandia, wale ambao chuo chao kiko hospitali ya KCMC, Moshi. Huvaliwa ndani ya kiatu cha kufunga. Na akina dada, dera refu lipandisheni kiunoni, maana mguu usioinuka vizuri hulikanyaga.

Ndugu wanaosaidia, nawaomba sana: msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza. Misuli inayolishikilia bega lake imelegea, na linaweza kuteguka. Mama yangu alikuwa ananifunga kanga kiunoni, fundo imara, anasimama upande wangu wa kushoto na kuishika hiyo kanga. Sikuwahi kuanguka mikononi mwake.

Kwetu vijana kuna uchungu mwingine. Mzee akiyumba hupishwa njia, lakini mimi niliitwa mlevi kituoni mchana kweupe. Kwa aibu nikaacha fimbo nyumbani, nikaanguka siku hiyo hiyo. Tembeeni nayo. Pia msishangae mkisimama ghafla kila mtu anapowasemesha njiani. Kutembea ambako zamani hakukuhitaji mawazo sasa kunayahitaji yote. Nilianza kuzoea kwa kuhesabu kwa sauti nikitembea uani, kisha kwa kuongea na binti yangu. Uchovu nao ni wa kweli, siyo uvivu. Mazoezi magumu niliyaweka asubuhi, kabla mwili haujachoka. Dawa za presha siziruki hata nikijisikia mzima, na udhaifu mpya ukija ghafla ni hospitali saa hiyo hiyo, siyo mazoezi.

Daladala nilirudia baada ya miezi saba. Napanda kituo cha mwanzo gari likiwa halijajaa, nakaa karibu na mlango, na kabla ya kufika ninaposhuka namwambia konda mapema: "Mguu wangu mgonjwa, gari lisimame kabisa." Wengi wao hugonga bodi, wakasubiri, na wengine hunipa mkono. Nami natanguliza fimbo, kisha mguu wa kushoto.